Mashine Iliyosema Chiriku ni Mzima

Jina la Chiriku alipewa kazini, akalipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso mdogo kama wa mtoto wa shule, na mdomo ambao haukujua likizo. Asubuhi mlinzi wa getini alimwona kwa mbali akaanza kucheka kabla hajaambiwa lolote, kwa sababu alijua linakuja. Wenzake walisema Chiriku akinyamaza mchana mmoja, mashine zenyewe zitasimama kuuliza kulikoni.

Kiwanda chao kilitengeneza sinki na vyoo vya kukalia. Udongo ulikorogwa na maji ukawa kama uji mzito, ukamiminwa kwenye kalibu, ukaachwa ukauke. Chombo kilipotolewa kilikuwa cheupe, kibichi, chepesi kuvunjika kama yai. Kabla hakijapakwa rangi na kuingia kwenye tanuri, ilibidi mtu akikwangue mishono, akisugue vipele kwa msasa, kisha akipige brashi hadi kiteleze kama shavu. Sehemu hiyo iliitwa Msasa, na watu wake wote walikuwa wanawake.

Zamani haikuwa hivyo. Wanaume ndio waliosugua, mpaka zilipokuja mashine za kumimina udongo. Hapo wanaume wakahamishiwa kwenye mashine, maana mashine ilionekana ni kitu cha mwanamume, na wake wa wafanyakazi wakaitwa kujaza meza zilizobaki wazi. Meneja alisimama mbele ya mkutano akasema wanawake wana mikono miepesi, tena wamezoea kufuta vumbi nyumbani. Alilisema kama sifa. Watu wakapiga makofi, na Chiriku, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata ajira, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Vumbi lenyewe lilikuwa la upole. Halikunuka, halikuwasha, lilikuwa laini kama poda ya mtoto. Kufika mchana wote walikuwa weupe hadi kope.

"Jamani, leo nani kafa?" Chiriku aliuliza akiwatazama. "Mbona naona mizuka mitupu?"

"Wewe mwenyewe umekufa jana," alimjibu Mama Pacha, rafiki yake wa meza ya pili, mwanamke mnene mwenye watoto mapacha na kicheko cha kutikisa meza. "Tunakusubiri tu uache kusema ndio tukuzike."

Walivunjana mbavu, wakajipangusa, wakaendelea.

Barakoa zililetwa baada ya wakaguzi wa serikali kupita na kukunja nyuso. Mume wa Chiriku alikuwa mtu wa tanuri, mwenye kifua kipana na taya kama tofali, na alikuwa mjumbe wa kamati ya usalama. Kamati nzima ilikuwa wanaume, si kwa sababu kuna aliyewakataza wanawake, ila vikao vilifanyika baada ya kazi, wakati ambao wanawake walikuwa wanakimbilia jikoni. Jioni moja alirudi nyumbani na barakoa ya mfano: mpira mweusi, mikanda ya kufunga kisogoni, na vichungio viwili vilivyotokeza mashavuni kama vikopo. Akaivaa sebuleni. Sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa, na binti yao akacheka mpaka akakaa chini.

"Nimeijaribu mwenyewe," alisema alipoivua. "Nimesimama juu ya kikaango cha pilipili, sikupiga hata chafya. Hii, mama watoto, ni kinga ya uhakika."

"Hebu."

Chiriku akajivisha. Ilimfunika kuanzia chini ya macho hadi shingoni. Akakaza mikanda mpaka mwisho, lakini kila alipotabasamu aliusikia upepo ukipita shavuni.

"Inapwaya," alisema.

"Utaizoea."

Siku ya kugawiwa, Bwana Usalama, afisa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, aliwapanga mstari kwa ajili ya majaribio. Kila mtu alivaa barakoa, akafunikwa kichwa kwa mfuko mkubwa wa plastiki, kisha Bwana Usalama akapuliza ndani dawa chungu. Ukisikia uchungu mdomoni, alieleza, barakoa ina upenyo. Usiposikia kitu, uko salama.

Walianza wanaume wa tanuri na wa mashine. Karibu wote walitoka wakitikisa vichwa: hakuna kitu. Mume wa Chiriku alitoka na kidole gumba juu. Ilipofika zamu ya Msasa, Mama Pacha hakumaliza hata pumzi ya tatu.

"Uchungu! Toa, toa! Kama shubiri!"

Akafuata mwingine, naye akatema mate. Chiriku alipoingia alisikia uchungu ukimshuka ulimini hadi kooni, na machozi yakamlengalenga. Alipotoka akasema, "Mimi hapa nimekunywa kikombe kizima."

Wanaume waliokuwa wamebaki kutazama walicheka. Bwana Usalama alikuna kichwa, akaigeuza chupa yake, akapulizia hewani, akanusa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyepata jibu, "Ndimi za wanawake ni kali mno. Mmezoea kuonja mboga. Mnaonja hata kisichokuwepo."

Watu wakacheka tena, na safari hii hata baadhi ya wanawake walicheka, maana lilisemwa vizuri. Kisha akawapitisha wote.

"Hakuna ndogo?" Chiriku aliuliza.

"Zipo, ila hizo huagizwa maalumu. Kiwanda kinachozitengeneza kinapima kwa nyuso za kawaida."

"Uso wangu mimi ni wa sikukuu?"

Hapo walicheka hata meneja na karani wake. Chiriku alikuwa na kipaji hicho: aliweza kusema jambo zito watu wakalicheka, na baadaye alikuja kukijutia.

Nyumbani alimwambia mumewe alipeleke suala la barakoa ndogo kwenye kamati. Mumewe alilipeleka, hilo si uongo. Aliporudi alivua viatu taratibu kuliko kawaida.

"Wamesema nini?"

"Wamesema wataliangalia. Kuna suala la feni za tanuri kwanza. Kule joto linaua."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema..." Akanyanyua kiatu kimoja, akakitazama soli. "Waliniuliza kama nimetumwa na mke wangu. Ukumbi mzima ulicheka. Sasa ningesemaje?"

 Chiriku alikuwa anampenda mumewe, na alijua wanaume wakichekana vikaoni huwa hawasahau mwaka mzima. Akapakua chakula, wakala.

Wanawake wa Msasa wakajitafutia njia. Walikata vipande vya sponji wakavipachika mashavuni ndani ya barakoa. Mama Pacha alifunga kitambaa juu yake, akafanana na jambazi. Sponji zililoa jasho, zikateleza, vumbi likapita. Baada ya muda wengi walizitundika barakoa shingoni na kuzivaa tu Bwana Usalama alipopita, kwa sababu kupumua ndani yake kulikuwa kazi juu ya kazi, na faida yake hawakuiona.

Kikohozi kilianza kama mchezo, kikavu, cha asubuhi. Chiriku alikisingizia baridi, kisha mafua, kisha umri. Miaka ikapita. Alijigundua anasimama katikati ya kilima cha kwenda nyumbani akijifanya anatazama nguo za dukani. Akagundua pia kwamba hadithi zake zimekuwa fupi. Alikuwa anafika katikati ya kichekesho, pumzi inamwishia, na wakati anaivuta nyingine utamu umeshamwagika.

Mama Pacha ndiye aliyetangulia kwenda hospitali. Daktari kijana aliitazama picha ya kifua, akaona madoa, akauliza, "Mumeo anafanya kazi gani?"

"Mume wangu alishafariki. Alikuwa dereva."

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa."

Daktari akaandika kifua kikuu, na chini yake moshi wa jikoni. Kazi ya Mama Pacha mwenyewe hakumuuliza, naye hakujua kama ni jambo la kutaja. Alimeza vidonge vya kifua kikuu kwa miezi, majirani wakaanza kumtengea kikombe chake, mapacha wake wakaanza kuonewa shuleni. Kikohozi hakikutikisika. Wakati huohuo mzee mmoja wa mashine aliyekwenda hospitali hiyohiyo na kikohozi cha namna hiyo aliulizwa kazi yake katika sentensi ya kwanza, akaambiwa ana vumbi mapafuni, akahamishiwa stoo.

Habari hizo zilipomfikia Chiriku, kwa mara ya kwanza hakupata utani wa kusema.

Hatimaye kiwanda kilileta mashine ya kupima pumzi. Ilikuwa kidude kidogo chenye bomba la kupulizia na skrini, na mpimaji wake alikuwa msichana aliyetoka chuoni, mpole, mwenye tabia ya kusema samahani kwa kila kitu. Alipangiwa chumba cha ghorofani, juu ya ofisi. Chiriku aliipanda ngazi kama mtu anayepanda mnara, akapumzika njiani, akapanda tena. Akapuliza bomba kwa nguvu zote alizobakiwa nazo mpaka akaona vinyota.

Skrini ikawa kijani.

"Samahani, mama. Umepata vizuri. Uko sawa."

Chiriku alikaa akimtazama. Alingoja pumzi irudi ndipo akasema, "Mwanangu. Mimi mzima?"

"Ndivyo mashine inavyosema."

"Nimeshindwa ngazi zako. Usiku nalala nimekaa. Jana nimefua shuka moja, nikalala kitandani mchana kutwa. Umenipima mimi, au umempima nani?"

Msichana akautazama mlango, kisha akaigeuza skrini ili Chiriku aione.

"Mashine haikupimi peke yako, mama. Inakulinganisha."

"Na nani?"

"Na watu kama wewe. Mwanamke, wa umri wako, wa urefu wako, na..." Akasita. "Na wa watu wa huku. Kuna sehemu ya kuchagua: watu wa huku, au Wazungu. Ukichagua watu wa huku, inapunguza kiwango. Haitarajii pumzi nyingi."

"Kwa nini isitarajie? Sisi tuna pua ngapi?"

Msichana alitaka kucheka, akajizuia. "Chuoni tuliambiwa kwamba zamani, walipotafuta viwango, watu wa huku waliopimwa walikuwa vibarua wa migodini na mashambani. Walikuta pumzi zao ni fupi. Wakaandika kwamba ndivyo tulivyoumbwa. Basi kila aliyetengeneza mashine baada ya hapo akakiingiza kiwango hicho. Mwalimu alilipita haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Sikuuliza."

Chiriku alivuta pumzi akiitazama skrini.

"Yaani walipima wagonjwa, wakasema hawa ndio wazima?"

"Samahani, mama."

"Hebu bonyeza hao wengine."

"Siruhusiwi."

"Bonyeza nione tu. Sitamwambia mtu. Mimi nikisema sana siku hizi nakohoa."

Msichana alibonyeza. Pumzi ilikuwa ileile, namba za Chiriku hazikusogea hata nukta, lakini skrini ikageuka nyekundu kutoka juu hadi chini. Wote wawili waliitazama. Kisha msichana akairudisha kijani kwa haraka, kama mtu anayefunika maiti.

Chiriku hakutimiza ahadi yake. Alikwenda moja kwa moja kwa daktari wa kiwanda, mwanamume wa makamo mwenye miwani, ambaye hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumtibu binti yao bila kusumbua. Alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akajisugua macho.

"Mama, nikibadilisha mpangilio huo, nusu ya kiwanda itakuwa inaumwa."

"Nusu ya kiwanda inaumwa, daktari."

"Viwango si vyangu. Vimekuja na mashine. Nikiandika nyekundu wataniuliza nimeitoa wapi, na sina pa kuonyesha. Mashine imesema u mzima. Rudi kazini, punguza maneno, yatakuchosha."

Jioni hiyo Chiriku alimweleza mumewe yote, kwa sentensi fupifupi, akipumzika katikati. Alimwomba alipeleke kwenye kamati: mashine, na barakoa, na Mama Pacha.

"Wewe uliijaribu ile barakoa," alimwambia. "Ikakutosha. Sasa waambie kwamba uso uliotosha ni wako. Si wangu."

Mumewe alikwenda kikaoni. Aliporudi hakuvua viatu kabisa. Alikaa mlangoni, mgongo akiwa ameuelekeza ndani.

"Umesema?"

"Kulikuwa na mambo mengi."

"Umesema, baba watoto?"

"Nilitaka kusema. Mwenyekiti alisema mashine mpya imeonyesha watu wetu wa Msasa wote wazima, tuishukuru menejimenti. Wakapiga makofi." Aliinamisha kichwa. "Mikono yangu nayo ilipiga."

Chiriku aliingia chumbani akafunga mlango. Hawakuzungumza kwa muda mrefu baada ya hapo, zaidi ya yale ya lazima: chumvi iko wapi, nani kagonga. Nyumba iliyokuwa haikosi kelele ikawa kama chumba cha kungojea hospitalini. Binti yao alikuwa anaimba makusudi wakati wa kuosha vyombo, ili kuwe na sauti.

Chiriku alirudi kwenye meza yake ya Msasa, mzima kwa mujibu wa mashine. Alijikaza kisabuni. Siku moja, akiwa ameishika brashi juu ya sinki iliyokuwa karibu kumalizika, aliona mkono wake hauendi. Hakuanguka, hakuona giza. Alikaa tu chini taratibu, akaegemea mguu wa meza, akawa anafungua mdomo kama samaki aliyetupwa sakafuni. Mama Pacha, mwenyewe akihema, alimvuta hadi nje. Mpimaji aliyekuja mbio na kisanduku cha huduma ya kwanza alimshika mkono, akasema samahani, samahani, mpaka Chiriku akambonyeza kidole anyamaze. Baadaye msichana huyo alihamishwa, hakuna aliyejua kwenda wapi.

Kiwanda kilimwachisha Chiriku kazi kwa sababu ya uzee. Mama Pacha alifuata, kisha wengine, mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu yake: huyu kifua kikuu, huyu moshi, huyu uvivu. Wasichana wa mtaani walikwishapata habari, hawakuja kuomba. Meza zikabaki wazi, na ikabidi waletwe wanaume.

Yaliyotokea baada ya hapo mumewe alimsimulia Chiriku miezi michache kabla Chiriku hajafariki. Wakati huo walikuwa wamerudi kuongea, si kwa kusuluhishwa na mtu, ila kwa sababu mtu anayebebwa kwenda chooni hawezi kuendelea kumnunia anayembeba. Chiriku alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, mito miwili mgongoni, jua la saa nne likimpiga miguuni. Mumewe alikuwa anaanika nguo.

"Vijana wa Msasa wamegoma," alisema akiwa analikung'uta shati.

"Wamegoma nini?"

"Vumbi. Walikaa wiki mbili tu, wakaweka brashi chini. Wakasema wao si wa kufanywa unga. Meneja kaitisha mafundi. Sasa wanafanya kwa maji. Wanasugua kwa sponji iliyolowa, vumbi halinyanyuki kabisa. Sakafu ni tope tupu, lakini hewa safi kama hapa."

Chiriku alifumba macho, akangoja pumzi.

"Maji wameyatoa wapi?"

 Mumewe akachukua kibanio, akalibana shati, akachukua kingine.

"Bomba lilikuwepo."

"Wapi?"

"Ukutani. Nyuma ya meza zenu. Lile linalopeleka maji kwenye choo cha ofisi. Wametoboa tu, wakaweka koki. Kazi ya asubuhi moja."

Chiriku alikuwa ameegemeza mgongo kwenye ukuta ule miaka yote. Wakati wa joto alikuwa anabandika shavu pale, kwa sababu palikuwa pa baridi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini. Kicheko kilimjia, kicheko cha kweli, cha zamani, lakini kilipofika kifuani kikageuka kikohozi. Mumewe aliziacha nguo, akaja na beseni, akamshika paji la uso mpaka kikaisha. Akamfuta mdomo, akaliweka beseni chini ya kiti.

"Barakoa je?" aliuliza Chiriku. "Ndogo waliagiza?"

"Hazihitajiki tena."

"Haya."

Wakakaa. Mtaani muuza mafuta ya taa alipita akipiga kengele yake. Baada ya muda Chiriku akasema, "Nieleze wanavyofanya."

Mumewe akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake. Akamweleza: wanaianza sinki kwa ndani, wanazungusha sponji polepole, wanaikamua, wanazungusha tena. Kwenye mishono wanatumia kisu cha plastiki. Wanacheza muziki, wanarushiana maji.

"Na zinatoka laini?"

Mumewe alikuwa amezishika hizo sinki mpya zilipofika kwenye tanuri. Zilikuwa laini kama kioo.

"Haziko kama zenu," alisema.

Chiriku alimtazama usoni kwa kitambo, akamwekea mkono gotini, wala hakumbishia.